“Sabuni ni ya mama”: jibu kwa baba mmoja wa Kenya, komine (mtaa wenye utawala wake) ya mji wa Lubumbashi, Kongo

Swali: “Mama Profesa, jambo. Ninakaa komine ya Kenya, nina watoto wawili. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi ilipunguza watu mwaka jana. Tangu hapo mke wangu anauza vitenge sokoni na mimi nashinda na watoto: nafua, nasonga bukari (ugali), nawapeleka masomo. Juzi kijana wangu wa miaka saba alinikuta kwenye beseni akasema: ‘Papa, sabuni ni ya mama.’ Nikamuuliza nani kamwambia. Akanipeleka mpaka duka la jirani, akanionyesha afishi ya sabuni ya unga ukutani. Shemeji yangu alicheka sana, akasema mtoto ana akili. Je, kweli matangazo yanaweza kubadilisha namna mwanamume anavyoonekana, au mimi natafuta tu wa kulaumu? Na mtoto nimjibu nini?”

Papa, jambo sana, na asante kwa kuandika jambo ambalo wanaume wengi wa mji huu wanalimeza kimyakimya.

Kijana wako amesoma vizuri. Kwenye afishi ile hakuna palipoandikwa kwamba baba asifue. Yeye ametazama ni nani kashika sabuni na ni nani hakushika, akatoa kanuni. Watoto wa umri wake hujifunza mambo mengi kwa njia hiyo. Hawangoji kuelezwa, wanaangalia nani hufanya nini, mara ngapi. Picha ya aina moja ikibandikwa kwenye kila duka kati ya soko na nyumbani, mtoto atafikia jibu moja, na huwezi kumlaumu.

Kwa hiyo ndiyo, matangazo yanabadilisha namna mwanamume anavyoonekana. Lakini hayapiti njia ambayo watu hudhani. Wengi hufikiri tangazo linaamuru na mtazamaji anatii. Wasimamishe wanaume kumi pale njia panda ya Carrefour uwaulize kama mabango yanawagusa: kila mmoja atakuambia yeye hayamfanyi kitu, ila vijana wa siku hizi, ila wanawake, ila watu wa kijijini ndio wanaodanganyika. Mmarekani mmoja, W. Phillips Davison, aliandika juu ya tabia hiyo mwaka 1983: karibu kila mtu hujiona salama mbele ya vyombo vya habari, na humwona mwenzake kuwa ndiye anayevutwa pua. Wanafunzi wangu hucheka nikiwaambia hivyo, kisha wanafanya vilevile. Shika jambo hilo, Papa, maana kicheko cha shemeji yako kimekaa humo. Nitalirudia.

Kwanza afishi yenyewe. Za namna hiyo nimezipiga picha kwa miaka mingi kwa ajili ya darasa langu, na ingawa sabuni hubadilika, mpangilio ni uleule. Mama yuko mbele, kitambaa kichwani, uso wake unang’aa kuliko shati alilolinyoosha. Mtoto mwenye sare ya shule amemwegemea. Baba yuko nyuma yao kidogo, amesimama wima, suruali imepigwa pasi, mkono mmoja mfukoni. Beseni halitazami. Anatutazama sisi, au anatazama pembeni, nje ya picha, kana kwamba kuna mtu wa maana anamngoja huko. Tazama pia mikono: ya mama ina povu, ya mtoto imeshika daftari, ya baba ina funguo au haina kitu.

Erving Goffman, mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, alikusanya mamia ya picha za matangazo katika miaka ya 1970, nyingi kutoka magazeti ya Marekani, akazichambua kama mtu anayechambua mchele. Aliona kwamba baba wa kwenye tangazo la familia mara nyingi husimama nje kidogo ya duara la mke na watoto, kana kwamba ulinzi wake unahitaji umbali. Akaona jambo la pili ambalo naliona kubwa zaidi kwa swali lako. Mwanamume akiwekwa jikoni au penye mtoto mchanga, wapiga picha wana njia tatu tu za kumwonyesha: hafanyi chochote, au anafanya kitoto, kwa kuchekesha, au anafanya huku mwanamke amesimama akimpima. Yaani picha inamruhusu kuingia jikoni kwa sharti la kuonyesha kwamba pale si kwake.

Kila mwaka nawapa wanafunzi kazi ya kutafuta picha ya nne: mwanamume anayefanya kazi ya nyumbani, anaifanya vizuri, peke yake, hachekwi wala hapigiwi makofi. Wanazunguka mji, wanapekua simu, wanarudi na chache mno. Nyingi kati ya hizo chache ni za mpishi wa hoteli mwenye kofia nyeupe ndefu, mwanamume ambaye analipwa.

Usifikiri ni ugonjwa wa kwetu peke yetu. Mwaka 2012 nchini Marekani, watengenezaji wa nepi za Huggies walitoa tangazo lililosema wanataka kuzipima nepi zao kwa mtihani mkali kuliko yote: kuwaachia kina baba watoto. Kina baba wakakasirika, wakakusanya saini, na kampuni ikalibadilisha tangazo. Uingereza walikwenda mbali zaidi. Tarehe 14 Juni 2019 ilianza kutumika kanuni inayokataza matangazo yenye picha za kijinsia zinazoweza kuleta madhara, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo matangazo mawili ya kwanza yakapigwa marufuku. Moja lilikuwa la jibini ya Philadelphia. Baba wawili wako kwenye mgahawa ambao chakula hupita mbele ya wateja juu ya mkanda unaozunguka. Wananogewa na chakula, na watoto wao wachanga wanachukuliwa na mkanda. “Tusimwambie mama,” mmoja anasema. Watu 128 walilalamika. Kampuni ilijitetea kwamba nia yake ilikuwa nzuri, ilitaka kuonyesha baba wa leo anayeshiriki malezi. Mimi nasadiki kwamba nia ilikuwa nzuri. Ndiyo maana kisa hicho nakifundisha kila mwaka: walitaka kumpa baba heshima, wakafungua kabati la picha walizozizoea, wakamtoa humo baba mjinga kwa sababu hamkuwa na mwingine.

Sasa turudi Lubumbashi, maana shemeji yako anaweza kusema hayo ni mambo ya Wazungu, kwetu mwanamume kutogusa sabuni ni mila ya mababu. Hapo nabisha, tena nabisha kwa nguvu. Anayesema hivyo awaulize wazee wa Kamalondo au Katuba ni nani aliyefua mashuka ya Wazungu wa Élisabethville, kama mji huu ulivyoitwa enzi za ukoloni. Walikuwa wanaume. Boyi wa nyumba alikuwa mwanamume, mpishi alikuwa mwanamume, na aliyepiga pasi ya makala (makaa) mpaka kola ikasimama alikuwa mwanamume, mara nyingi mwenye mke na watoto wake cité, mitaa ya Waafrika. Alifua mchana kutwa kwa mshahara na hakuna aliyemcheka. Kazi hiyo ilitafutwa. Jioni alirudi kwake, na huko beseni lilikuwa la mke. Mikono ile ile, sabuni ile ile. Kilichotofautisha ni malipo.

Na huyo mke naye alifundishwa. Union Minière ya Katanga, kampuni ya kuchimba shaba iliyoundwa mwaka 1906, miaka ya mwanzo ilichukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iligeuza sera: ikataka mfanyakazi akae, aoe, azae, na watoto wake waje kuwa wafanyakazi. Ikajenga kambi. Nyumba, posho, hospitali na shule, vyote vilipita kwa jina la baba na kwa nambari yake ya kazi. Wanawake wakapelekwa kwenye foyer, vituo vya mafunzo ya nyumbani, wakafundishwa kushona, kupiga pasi, kupika na kupanga nyumba kwa namna ambayo kampuni na masista waliona inafaa. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amezichunguza familia hizo kwa muda mrefu, wale wanaoitwa Bana Shaba (wana wa Shaba), na kazi yake inaonyesha wazi jinsi mamlaka ya baba nyumbani yalivyosimama juu ya kile kampuni ilichomkabidhi mwisho wa mwezi. Baba wa kambi aliyekuwa mkali na kuogopwa aliogopwa akiwa na gunia la posho begani.

Kisha gunia likakatika. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilianguka katika miaka ya 1990. Mishahara ikachelewa miezi, halafu miaka. Mwaka 2003, kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari na kugharimiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa. Wakati huo wake zao walikuwa wamekwisha kuingia sokoni zamani, na unga, na makala, na mikate, na nguo za mitumba. Unajua historia hii, bila shaka ipo ndani ya familia yako au ya mkeo. Naitaja kwa sababu moja: yule mwanamume aliyeleta kila kitu kwa mkono mmoja alitoweka katika nyumba nyingi za mji huu, lakini kwenye mabango hajatoweka hata siku moja. Shati lake ni jeupe mpaka leo. Anarudi saa kumi na moja jioni kutoka kwenye kazi ambayo hatuelezwi ni ipi, na watoto wanamkimbilia.

Hivi ndivyo ninavyolielewa tangazo, Papa. Halimbuni mwanamume kutoka hewani. Linaingia mjini, linakuta wanaume wa kila aina: anayechimba, anayeendesha manseba (pikipiki ya abiria), anayefua, anayelea wajukuu, anayedaiwa kodi. Linachagua mmoja, linamsafisha, linamrudia mara elfu, mpaka wale wengine wanaanza kujiona kama watu waliokosea. Hata akiwa ni mmoja ambaye mji hauna tena.

Na kama unadhani bidhaa zina jinsia kwa asili yake, kumbuka Marlboro. Ilipotoka mwaka 1924 iliuzwa kama sigara ya wanawake, laini, ya kistaarabu. Katikati ya miaka ya 1950 Leo Burnett, mtu wa matangazo wa Chicago, akaichukua, akaiweka mdomoni mwa mchunga ng’ombe, na kwa muda mfupi ikawa sigara ya wanaume kuliko zote duniani. Wayne McLaren, mmoja wa waliopigwa picha kwa ajili ya matangazo hayo, alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1992, akiwa ametumia muda wake wa mwisho kuipinga sigara hadharani.

Kwetu hapa kazi ya mchunga ng’ombe imechukuliwa na bia. Simba na Tembo, bia za Lubumbashi, zina majina ya wanyama ambao hakuna mtu anayewachezea. Bia iitwayo Kuku sijaiona. Bia nzito nyeusi huuzwa karibu kote barani kwa maneno ya nguvu na uanaume. Fikiri hali ya mwanamume aliyefukuzwa kazi: gari la bangoni haliwezi, nyumba ya bangoni haiwezi, suti labda ya kuazima. Chupa anaweza. Kati ya vitu vyote ambavyo tangazo limevifunga pamoja na uanaume, hicho ndicho kilichobaki katika uwezo wake, na wanaoiuza wanalijua hilo vizuri.

Nikiwa mkweli, si kila mwanamume wa tangazo la pombe ni wa kutupwa. Guinness mwaka 1999 walimbuni Michael Power kwa ajili ya soko la Afrika, mwandishi wa habari shujaa, mwenye akili, asiyenunulika. Alipendwa sana katika nchi kadhaa, hata wakamtengenezea filamu ndefu mwaka 2003. Mwafrika mwerevu na mwaminifu kama shujaa mkuu, hilo halikuwa jambo dogo, na nawaelewa waliomshangilia. Ila hata yeye, ukimfuatilia, anaokoa watu, anakimbia, anashinda, anakunywa. Nani alimpikia, nani alikesha na mtoto mwenye homa, hayo hayamhusu.

Labda utauliza: sawa, ni picha, kwa nini ziume? Kwa sababu uanaume, katika sehemu nyingi za dunia, unachukuliwa kama kitu cha kupata kwa shida na kupoteza kwa urahisi. Msichana akikua ni mwanamke, basi. Mvulana hata akiwa na ndevu ataambiwa “kuwa mwanamume”, na akifika miaka hamsini bado anaweza kuambiwa “wewe si mwanamume”. Wanasaikolojia Joseph Vandello na Jennifer Bosson wa Florida waliandika juu ya jambo hilo mwaka 2008. Katika moja ya majaribio yao, wanaume wengine walipewa kazi ya kusuka nywele za sanamu, wengine wakasuka kamba. Baadaye wakaambiwa wachague: kupiga mfuko wa ndondi au kutegua fumbo. Waliosuka nywele walichagua ngumi zaidi kuliko waliosuka kamba. Vidole vilifanya kazi ileile, nywele na kamba. Lakini mmoja alitoka akijisikia anadaiwa kitu, akatafuta mahali pa kukilipa.

Mwanamume aliyechekwa mbele ya beseni anaweza kwenda kukilipa kwenye nganda (baa), au kumlipisha mkewe. Nimeona yote mawili katika mitaa ninayoijua. Wewe umeandika barua, na hilo si dogo.

Sasa nirudi kwa shemeji, na kwa lile jambo nililokuomba ulishike. Watafiti watatu, Bursztyn, González na Yanagizawa-Drott, waliwakusanya wanaume vijana walio na wake mjini Riyadh, Saudi Arabia, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020. Waliwauliza kwa siri kama wanakubali mwanamke afanye kazi nje ya nyumba. Wengi mno walikubali. Kisha kila mmoja akaulizwa akisie ni wangapi kati ya wenzake chumbani wanaokubali kama yeye. Wakakisia wachache kuliko ukweli. Kila mmoja alikaa akiogopa jirani ambaye naye alikuwa akimwogopa yeye. Nusu yao wakaonyeshwa hesabu ya kweli, na hao wakawa tayari zaidi kuwaandikisha wake zao kutafuta kazi. Miezi kadhaa baadaye wake hao walikuwa wamekwenda kwenye mahojiano ya kazi zaidi kuliko wengine. Hakuna aliyehubiriwa wala kubadilishwa imani. Walichobadilisha ni walichodhani kuhusu wenzao.

Utafiti ule haukuhusu matangazo. Lakini jiulize: mwanamume wa Lubumbashi anajuaje wanaume wengine wanafikiri nini? Hatuingiliani jikoni. Sijui jirani yangu anafanya nini na beseni lake saa kumi na mbili asubuhi, geti likiwa limefungwa. Kinachoonekana na wote kwa pamoja, kila siku, ni bango. Kwa hiyo bango linageuka kuwa ushahidi wa mawazo ya watu: kama kampuni kubwa imelipa pesa nyingi kuweka picha hii hapa, basi ndivyo watu wanavyofikiri. Shemeji alipocheka, inawezekana kabisa hakuwa akikudharau. Inawezekana alikuwa akicheka upande wa wengi, au wale aliodhani ni wengi, asije akaonekana yuko upande wako. Mtu wa namna hiyo habadilishwi kwa mabishano mbele ya watu.

Mkeo naye anaziona picha zilezile, na mama mkwe, na wanawake wenzake sokoni watakaomuuliza “bwana yako anafanya kazi wapi?” Wanawake wengi ninaowafahamu wanafurahi kukuta nguo zimefuliwa na bado wanaona haya kulisema. Usimdhanie vibaya mkeo akikuambia uanike nguo nyuma ya nyumba.

Niseme kidogo jinsi picha hizo zinavyozaliwa, maana kabla ya kufundisha nilifanya kazi kwenye wakala wa matangazo. Hakuna chumba ambamo watu wabaya wanapanga kumdhalilisha baba wa komine ya Kenya. Kuna haraka. Agizo linatoka Kinshasa au nje ya nchi likiwa limekwisha andikwa: mnunuzi ni mama wa miaka 25 hadi 40. Picha mara nyingine zimenunuliwa tayari, familia yenyewe haijawahi kuuona mji huu. Siku moja kijana mchoraji wetu alipendekeza baba anayemfulia binti yake sare ya shule, usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya masomo. Wazo zuri, lilitugusa sote mezani. Mteja akalitazama, akatabasamu, akasema: “Watu watauliza mama amekufa?” Likaishia hapo. Angalia alichosema: hakusema yeye hapendi. Alisema watu watauliza. Hata aliyekuwa na pesa za kuamua aliwaogopa wale wale ambao wewe na shemeji yako mnawaogopa.

Sheria pia ilibeba picha ileile. Kanuni ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilisema mume ndiye mkuu wa nyumba, ana wajibu wa kumlinda mke, na mke ana wajibu wa kumtii. Marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa utiifu huo na kibali ambacho mke alipaswa kukipata kwa mumewe. Ukuu wa nyumba ukabaki. Ukiona tangazo linalovuka mpaka kwenye redio au televisheni, chombo cha kulalamikia ni CSAC, baraza la juu la utangazaji na mawasiliano lililowekwa na katiba ya 2006. Kwa afishi yako nisingehangaika nacho. Afishi ile haivunji sheria yoyote, na tukianza kufuta kila mama mwenye sabuni tutabaki na kuta tupu, na kina mama wanaofua kweli watakuwa wamefutwa pia.

Wala usitamani sana matangazo yanayowahubiria wanaume. Januari 2019 Gillette walitoa tangazo la kuwakemea wanaume kwa ukatili na uonevu. Mamilioni waliliona, wengi wakakasirika, wengine wakashangilia. Mimi lilinichosha. Kampuni ambayo kwa miaka thelathini ilimuuzia mwanamume wembe kwa kumwambia huo ndio ulio bora kabisa anaoweza kuupata, ikaja kumuuzia wembe uleule kwa kumwambia ajirekebishe. Ningependa zaidi picha ya kawaida kabisa: baba anafua, habari inayosomwa redioni ni nyingine, sabuni inatoa povu. Bila muziki wa huzuni.

Mtoto, basi. Mrudishe mbele ya afishi ileile siku ambayo nyote wawili hamna haraka, na usimhubirie. Muulize maswali. Huyu baba mikono yake iko wapi? Suruali yake nani ameipiga pasi? Huyu mama amevaa nguo safi namna hii, anafua kweli au anapigwa picha? Watoto wa miaka saba wanapenda kumkamata mtu mzima akidanganya, na akishaona kwamba watu wa afishi wamepangwa wasimame vile, atakuwa na mchezo wa kucheza kwenye kila ukuta. Kama katika familia yenu yuko babu aliyewahi kuwa boyi au mpishi, mpe hadithi yake kwa jina lake. Kisha mkabidhi sare yake mwenyewe na kipande cha sabuni kila Jumamosi, aoshe soksi kwanza, kola baadaye. Dada yake, kama yupo, apewe zake vilevile.

Shemeji mtafute mkiwa wawili, mahali pasipo na mtu wa kumchekea. Muulize mkewe alipojifungua ni nani aliyefua nepi. Akijibu kwamba ni yeye, na nahisi kuna uwezekano mkubwa, usimcheke. Mwambie tu kwamba na wewe hukujua.

Na kazi ukiipata, ambayo nakuombea uipate upesi, kaa na mkeo mpange upya nani anashika nini nyumbani kabla hujaanza siku ya kwanza. Yeye atakuwa bado ana meza yake ya vitenge, na baada ya wiki mbili za kurudi jioni umechoka hutakuwa na moyo wa kuyajadili hayo.